Sumu au mtego: kisa cha fuko katika miinuko ya baridi ya Mlima Elgon

Wakulima wa viazi mbatata katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kween, mashariki mwa Uganda, kilicho kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, waliazimia kuchanga fedha za kununua sumu ya panya na kuitumia dhidi ya fuko. Azimio lao lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu mashamba: kila mwanakikundi angefungua njia za fuko katika shamba lake, angeweka chambo chenye sumu na kuzifunika tena. Ya pili ilivuka mpaka wa mashamba na kuwaelekeza vijana wapande hadi nyanda za majani zilizo juu ya ukanda wa misitu, mahali mifugo inapolishwa, wakaweke sumu huko pia, kwa hoja kwamba fuko wanaoharibu viazi huzaliwa juu na kuteremka. Uchambuzi huu unaihusu zaidi sehemu ya pili, kwa sababu ndiyo iliyopitishwa kwa urahisi na ndiyo ambayo madhara yake yangechukua muda mrefu kuonekana.

Mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili, kama ilivyo kawaida katika eneo la Sebei pale wanunuzi wa viazi kutoka Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Suam, wanapohudhuria. Mzee mmoja anayeishi kwa kutega fuko ndiye peke yake aliyepinga. Alimwambia mwenyekiti: “Mwanangu, ukimwua wa shambani umeokoa viazi. Ukimwua wa juu, umeokoa nini?” Alijibiwa kwa heshima kwamba yeye hulipwa kwa kila fuko anayemnasa, na hivyo ana maslahi katika fuko kuendelea kuwepo. Jibu hilo lilikuwa na ukweli, lakini liliziba swali ambalo lilistahili kujibiwa kwa ushahidi.

Fuko wa Elgon ni wa jenasi Tachyoryctes, kundi la wanyama wagugunaji wa Afrika Mashariki wanaopatikana kuanzia Ethiopia hadi nyanda za juu za Maziwa Makuu. Baadhi ya wataalamu humhesabu fuko wa mlima huu kuwa spishi ya peke yake, Tachyoryctes ruddi, na wengine humweka pamoja na Tachyoryctes splendens aliyeenea eneo kubwa zaidi. Kwa mkulima tofauti hiyo haina uzito. Chenye uzito ni maisha yake. Huishi peke yake, kila mmoja katika mfumo wake wa njia, huchimba kwa meno ya mbele, na kuusukuma udongo hadi juu kwa kichwa. Njia za kutafutia chakula huwa karibu na uso wa ardhi, kwenye kina cha mizizi na viazi, ilhali chumba cha kulala na kuhifadhia akiba huwa chini zaidi. Mlango wake huwa umezibwa kwa udongo, na akikuta tundu limefunguliwa hurudi kulifunga. Tabia hiyo ndiyo inayomponza, kwa kuwa mtego wa kitanzi na fito iliyopindwa humsubiri palepale anapokuja kuziba.

Kutokana na tabia hizo, sumu ya nafaka ni silaha dhaifu dhidi yake hata ndani ya shamba. Fuko hula mizizi mibichi, viazi na majani anayoyavuta kwa chini, naye havutwi na mahindi makavu kama panya wa ghalani. Chambo anachokikuta njiani mara nyingi hukifukia pamoja na udongo anaoutumia kuziba tundu. Na hata akifa, mfumo wake wa njia hubaki kuwa mali iliyo tayari: kijana aliyefukuzwa na mama yake huingia humo kama mpangaji aliyekuta nyumba imeachwa na milango yake. Mazingira ya shamba la viazi, yenye chakula kingi katika udongo laini uliolimwa, huwaita wapya kila msimu. Kwa hiyo hoja ya kikundi kwamba kuna chanzo cha kukatwa ilikuwa na mantiki yake. Kosa lilikuwa katika kukiweka chanzo hicho juu ya mlima. Fuko kijana hasafiri mbali, na mara nyingi anayeingia shambani ametoka kwenye ua wa jirani, kingo za barabara au shamba lililolazwa.

Nyanda za juu ni habari nyingine kabisa, na baridi ndiyo inayozitenganisha na shamba. Mlima Elgon una kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, upande wa Uganda, na ingawa hauna barafu ya kudumu leo, ulikuwa nayo katika zama za barafu. Juu ya misitu na mianzi kuna vichaka vya erika, kisha majani magumu ya mashungi na mimea mikubwa ya lobelia na senesio. Kuanzia mita 3,500 hivi, umande kuganda usiku ni jambo la kawaida, na jua la mchana huuyeyusha ndani ya saa chache. Katika nchi za kaskazini baridi huja kwa msimu, na wanyama wachimbaji wengi wa huko hulala miezi yote ya theluji. Kindi wa ardhini wa Aktiki hulala kwa zaidi ya nusu ya mwaka na joto la mwili wake huweza kushuka chini ya sifuri bila damu yake kuganda. Mlima wa tropiki haumpi mnyama msimu wa kulala. Baridi huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi, kwa hiyo fuko wa Elgon huchimba mwaka mzima, akilindwa na ukweli kwamba sentimita chache tu chini ya uso, tofauti ya joto la usiku na mchana hupungua sana.

Uchimbaji huo wa mwaka mzima una kazi katika udongo wa baridi. Mahali penye joto, vijidudu, mchwa na minyoo huvunja majani yaliyokufa kwa haraka na kurudisha rutuba yake kwenye mimea. Juu mlimani kazi hiyo huenda polepole. Majani na mizizi iliyokufa hurundikana, na virutubisho hubaki vimefungwa ndani yake. Fuko huyavuta majani chini, huyachanganya na udongo wa kina, huacha kinyesi chini ya ardhi, na kutoa juu udongo ambao haujawahi kuona jua. Rundo jipya huwa na udongo uliolegea na wenye hewa, na mbegu za mimea midogo ambayo isingeweza kupenya kati ya mashungi ya majani hupata nafasi ya kuota.

Rundo hilo pia lina upande wake mbaya, na hapa ndipo mjadala wa kijijini ulipokuwa na nusu ya ukweli. Udongo ulio wazi kwenye baridi ya usiku huota sindano za barafu: maji yaliyomo kwenye udongo huganda na kuinuka, yakibeba chembe za udongo na kung’oa miche michanga. Asubuhi sindano huyeyuka na chembe huanguka chini kidogo ya mahali zilipokuwa. Penye mteremko mkali, usiku mwingi wa namna hiyo husogeza udongo kuelekea bondeni. Marundo machache yaliyozungukwa na majani mazima huzibwa na mimea mapema. Marundo mengi kwenye eneo lililolishwa kupita kiasi, ambalo mimea yake imekonda na kwato zimeupondaponda uso wa ardhi, hubaki wazi. Mtu anayepita hapo huona udongo mtupu na matundu ya fuko pamoja, na humalizia kwamba fuko ndiye aliyeumaliza mlima.

Mahitimisho hayohayo yalitolewa kwenye uwanda wa Qinghai na Tibet nchini China, na matokeo yake yanajulikana vizuri. Huko mchimbaji ni pika wa uwanda, mnyama mdogo wa jamii ya sungura mwenye uzito wa gramu mia moja na hamsini hivi, anayeishi kwa makundi kwenye malisho yaliyo kati ya mita 3,000 na 5,000. Malisho yalipodhoofika, pika alilaumiwa kwa kula majani ya kondoo na yaki na kwa kutoboa ardhi. Kampeni ya sumu ilianza mwaka 1958 na kupanuka katika miaka ya 1960. Hadi mwaka 1990, zaidi ya kilomita za mraba 200,000 za jimbo la Qinghai zilikuwa zimetiwa sumu, kwanza fosfidi ya zinki na sumu nyingine kali, baadaye sumu ya bakteria wa botulini. Ukubwa huo unakaribiana na eneo la nchi kavu yote ya Uganda, bila maziwa.

Pika walirudi. Walirudi hasa mahali ambapo majani yalikuwa mafupi kwa sababu ya mifugo mingi, kwa kuwa pika hupenda uwanda anaoweza kumwona adui kutoka mbali. Kwa maneno mengine, wingi wao ulikuwa dalili ya malisho yaliyochoka zaidi kuliko kuwa chanzo cha uchovu huo. Wasiorudi kwa urahisi walikuwa majirani zao: ndege wa nyanda wanaotaga ndani ya mashimo ya pika, ambao mashimo yalipoporomoka walikosa pa kuzalia, na mbweha, paka wa mwituni, dubu na ndege wawindaji waliomtegemea pika kwa chakula, hasa majira ya baridi ambapo marmoti, wagugunaji wakubwa wa huko, wamelala na pika yuko macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima pia upenyaji wa maji: kwenye makoloni ya pika mvua iliingia ardhini kwa kasi kubwa kuliko mahali walipouawa kwa sumu. Uwanda huo ni chimbuko la mito Manjano, Yangtze na Mekong, kwa hiyo swali la maji ya mvua kuingia ardhini au kutiririka juu yake linawahusu mamilioni ya watu wasiowahi kumwona pika.

Elgon nayo ni mnara wa maji kwa kiwango chake. Sipi, Siti, Ngenge, Manafwa na Suam zote huanzia kwenye mlima huo. Hata hivyo sitaki kuuchukua mfano wa Tibet na kuubandika hapa bila kupima, kwa sababu miteremko ya Elgon ina historia yake. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulimomonyoka Nametsi, wilayani Bududa, na kuua mamia ya watu. Maporomoko mengine makubwa yametokea tangu hapo, Bukalasi mwezi Oktoba 2018 na Bulambuli mwezi Novemba 2024. Katika mkutano wa Kween mama mmoja aliuliza kama njia za fuko haziwezi kuyafikisha maji ndani ya mlima na kusababisha maafa ya namna hiyo. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa, yaani kicheko. Maji yanayoingia ardhini kwa haraka ni baraka kwenye uwanda wenye mteremko mdogo. Kwenye ubavu mkali wenye udongo mzito wa mfinyanzi chini yake, maji hayohayo huongeza uzito na kulegeza mshiko. Njia ya fuko inayoanzia juu ya ukingo uliokatwa kwa ajili ya nyumba na kutokea kwenye ukuta wa ukingo huo inafaa kuzibwa, na fuko wake kunaswa, bila mjadala mrefu. Lakini kumsingizia fuko maporomoko ya Bududa hakuna msingi: mvua ya siku nyingi, mteremko, aina ya udongo, ukataji wa miti na ukatwaji wa kingo vinatosha kuyaeleza.

Kwa nyanda za juu zenyewe, mfano ulio karibu zaidi kiukoo ni wa Milima ya Bale, Ethiopia, kwa kuwa mchimbaji wa huko ni ndugu wa fuko wetu. Fuko mkubwa wa Bale, Tachyoryctes macrocephalus, hukaribia uzito wa kilo moja na hapatikani mahali pengine popote duniani. Hutoka nje ya tundu kwa muda mfupi kukusanya majani karibu na mlango, kisha hurudi nayo ndani. Mbwamwitu wa Ethiopia, ambaye wakubwa wake waliobaki hawafiki 500, humvizia palepale, na katika Bale fuko huyo ni sehemu kubwa ya chakula chake. Ndege mdogo wa nyanda za juu humfuata fuko na kuokota wadudu kwenye udongo uliofukuliwa. Ndege huyo anaishi Elgon pia. Marundo ya vizazi vingi vya fuko yamebadilisha hata sura ya mimea, kiasi kwamba mtu anaweza kuisoma historia ya uchimbaji kwa kutazama mimea gani imeota wapi.

Uhusiano wa watu na fuko huko ni wa kale kuliko kilimo. Kwenye pango la Fincha Habera, katika mwinuko wa karibu mita 3,470, wachimbuzi wa mambo ya kale walieleza mwaka 2019 mabaki ya makazi ya watu walioishi kati ya miaka 47,000 na 31,000 iliyopita, wakati barafu ilikuwa imefunika sehemu za juu za Bale. Mifupa iliyochomwa inaonyesha kwamba chakula chao kikuu kilikuwa fuko mkubwa. Watu hao waliweza kukaa kwenye baridi hiyo kwa sababu nyama ilikuwepo ardhini mwaka mzima, haikuhama na haikulala. Fuko wenyewe walizivuka zama za barafu, na joto lililofuata, na majira ya ukame. Jambo hilo lingeweza kumpa mtu matumaini kwamba watavumilia pia mabadiliko ya sasa, isipokuwa kwamba zamani hapakuwa na shamba linalopanda mlima nyuma yao.

Hapa kisa cha Kween kinaungana na suala la hali ya hewa. Kwenye Rwenzori barafu imeshuka kutoka zaidi ya kilomita za mraba sita mwanzoni mwa karne ya 20 hadi chini ya moja mwaka 2003, na imeendelea kupungua. Elgon haina barafu ya kupoteza, lakini kadiri joto linavyopanda, mpaka ambao viazi, ngano na hata mahindi yanaweza kustawi nao hupanda, na mimea ya baridi husukumwa kuelekea kileleni, mahali ambapo eneo ni dogo na baada yake ni anga. Moto unaowashwa kuchipusha majani mapya hufanya kazi hiyo iende kasi. Fuko wa shambani hatapungukiwa na kitu katika hali hiyo, atafuata viazi. Atakayepungukiwa, fuko wa juu wakiuawa, ni nyanda ya juu yenyewe, ambayo mimea yake mipya itahitaji udongo uliofunguliwa ili iote, na mzunguko wa rutuba ambao baridi imeupunguza kasi.

Kwamba mchimbaji mmoja anaweza kuharakisha kurudi kwa uhai kwenye ardhi iliyovurugwa, Mlima St. Helens nchini Marekani ulitoa ushahidi usio wa kawaida. Ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, wagugunaji wadogo wachimbaji wenye mifuko ya mashavuni walinusurika kwa sababu walikuwa chini ya ardhi, na walipoendelea kuchimba walileta udongo wa zamani juu ya majivu. Mwaka 1983 watafiti waliwaachia wachache wao kwenye vipande vya ardhi vilivyofunikwa na mawe mepesi ya volkeno kwa siku moja tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba alama ya siku hiyo bado ilionekana kwenye kuvu na bakteria wa udongo baada ya miongo minne. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi unaopaswa kumfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kumwondoa mchimbaji kwenye ardhi ambayo hali yake inabadilika.

Lipo pia suala la nani mwingine angekula sumu. Fosfidi ya zinki hugeuka gesi tumboni mwa aliyeila, hivyo haijikusanyi katika mwili wa fuko kama zinavyofanya sumu za kuzuia damu kuganda, ambazo humwua bundi au mwewe aliyekula mzoga. Lakini chambo chenyewe hakichagui mlaji. Nafaka iliyotiwa sumu kwenye malisho huokotwa na kwale na ndege wengine, huliwa na mbuzi aliyechakura tundu, na hufikiwa na mtoto anayechunga. Mchungaji wa Kibenet anayepitisha siku yake yote kwenye nyanda hizo hakuwa na mwakilishi katika mkutano wa wakulima wa viazi, na hilo ni kasoro ya azimio inayojitosheleza hata kama hoja zote za ikolojia zingewekwa kando. Wabenet wamekaa kwenye uwazi wa nyanda za Elgon kwa vizazi vingi, wakaondolewa katika nyakati tofauti, hasa mwaka 1983 na pale msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na Mahakama Kuu mjini Mbale iliwatambua mwaka 2005 kuwa wakazi wa asili wa eneo hilo. Kumtilia mtu wa namna hiyo sumu katika malisho bila kumuuliza kungefufua ugomvi ambao hauhitaji fuko ili uwake.

Tena sehemu kubwa ya nyanda hizo iko ndani ya hifadhi. Kuweka sumu humo ni kosa kwa sheria ya wanyamapori, na kikundi ambacho kingependa kuendelea kupata makubaliano ya matumizi ya rasilimali na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kama vile ya kukata mianzi na kukusanya kuni, kingekuwa kimejifungia mlango.

Azimio lilirudishwa mezani katika mkutano uliofuata na kugawanywa. Sehemu ya pili iliondolewa. Ya kwanza ilibadilishwa: fedha za sumu zitumike kumlipa mtegaji kwa kila fuko atakayenaswa ndani ya mashamba na kwenye kingo zake, mitego iwekwe hasa wiki chache kabla ya viazi kuanza kujaa, na mashamba yanayopakana yategwe kwa wakati mmoja ili njia zilizoachwa zisipate wapangaji haraka. Ua wa majani unaotenganisha shamba na shamba, ambao ndio hifadhi ya fuko wengi, utategwa pia bila kung’olewa, kwa sababu ndio unaozuia udongo kuteremka. Mikia itahesabiwa mbele ya mweka hazina. Mwenyekiti alipendekeza bei ya fuko wa pili katika njia moja iwe pungufu ya wa kwanza; mzee alikataa, akaeleza kwamba wa pili ndiye mgumu kumnasa kwa kuwa amekuta njia isiyo yake na bado anaizibaziba ovyo. Hoja hiyo ilishinda.

Lililobaki wazi ni kipimo. Kikundi kinaweza kujua kama mitego inafanya kazi kwa kusawazisha marundo yote katika vipande vichache vya shamba na kuhesabu mapya yanayojitokeza baada ya siku mbili, kisha kurudia zoezi hilo baada ya mavuno. Rundo jipya ni dalili ya kuaminika kuliko idadi ya mikia, kwa kuwa mikia huonyesha bidii ya mtegaji na marundo huonyesha fuko waliobaki. Kwa nyanda za juu, hesabu kama hiyo kwenye malisho mazito na mepesi, ikifanywa pamoja na wachungaji na kwa idhini ya hifadhi, ingeonyesha kama udongo ulio wazi unaandamana na wingi wa fuko au wingi wa kwato. Wanunuzi wa Suam wameahidi kuchangia nusu ya malipo ya mtegaji kwa msimu mmoja, kwa sharti kwamba viazi vilivyogugunwa visichanganywe kwenye magunia.